Vipindi Nilivyovifuta

Mwaka wangu wa tatu na wa mwisho wa kusomea ubingwa wa tiba ya familia, nilichaguliwa kuwa kiongozi wa madaktari wenzangu waliokuwa mafunzoni. Ni cheo cha lawama. Unapanga zamu, unasuluhisha ugomvi wa likizo, unapigiwa simu usiku na mtu anayetaka kujua kwa nini Jumapili imemwangukia yeye tena. Hata hivyo nilikipokea kwa furaha, kwa sababu moja tu: ratiba ya Jumatano ingekuwa mikononi mwangu.

Jumatano mchana ndiyo ilikuwa shule yetu. Siku nyingine daktari wa mafunzo yuko kazini, akizungushwa kutoka idara moja hadi nyingine: wodi ya magonjwa ya ndani, watoto, uzazi, upasuaji, dharura, afya ya akili, mifupa, ngozi, wazee, tiba shufaa. Kila idara unakaa wiki kadhaa, unaanza kuzoea, unahamishwa. Kitu kimoja tu hakihami, nacho ni kliniki yako mwenyewe, ambako tangu mwaka wa kwanza unapewa orodha ya wagonjwa walio wako, unawaona hadi unahitimu. Na Jumatano, saa saba mchana, kila mtu anaachia alichoshika na kwenda darasani hadi saa kumi na moja.

Mimi kwa Jumatano nilikuwa na kinyongo cha miaka miwili. Unatoka zamu ya usiku, macho yanawasha, halafu unakalishwa kusikiliza hesabu za uwezekano. Nililala darasani, wala si mara moja. Yalikuwapo pia mazungumzo ya kikundi ambayo niliyaita, nikiwa na wenzangu, “saa ya kulia pamoja”. Nikajiapiza kwamba siku nikiipata ile ratiba nitaisafisha.

Nikaisafisha. Niligawa karatasi za maoni, na wenzangu wakaandika wanachotaka: dharura zaidi, mapigo ya moyo yaliyovurugika, sumu, magonjwa adimu ambayo hutokea kwenye mitihani. Wakaandika na wasichokitaka, na hapo hatukutofautiana. Nilifuta kikundi cha mazungumzo. Nilifuta kipindi cha kuchambua makala za utafiti pamoja na takwimu zake. Nilifuta mada zote zilizoonekana zimejirudia, kwa mfano maumivu ya mgongo, ambayo yalikuwa yamepangwa mara tatu katika miaka mitatu kana kwamba mtunga ratiba alisahau. Nafasi zilizopatikana nikawaalika mabingwa wa hospitali, kila mmoja aje na mada yake.

Mkuu wa programu alikuwa mama mtu mzima ambaye sote tulimwita Mwalimu. Aliisoma ratiba yangu taratibu, kidole kikifuata mistari.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza, Mwalimu.”

“Haya. Tuijaribu miezi sita. Ila chukua daftari. Siku tano za kliniki yako, kila mgonjwa mwandikie mambo matatu: amesema kimemleta nini, kumbe kilikuwa nini, na wewe ulijifunzia wapi kukishughulikia.”

Nilidhani ananipa adhabu ya kitoto. Nikachora safu tatu na kuanza.

Safu ya kwanza ilijaa haraka. Mgongo. Uchovu. Dawa za presha zimeisha. Mtoto ana homa tangu jana. Kizunguzungu. Kikohozi kisichoisha. Barua ya kurudi kazini. Kisukari, na kidonda kidogo mguuni ambacho mwenyewe hakukitaja, nilikiona alipovua kiatu kwa sababu nyingine. Uchovu tena. Mgongo tena. Katika siku zote tano hakuja hata mgonjwa mmoja mwenye ugonjwa miongoni mwa yale adimu niliyoyaingiza kwenye ratiba.

Safu ya pili ilikuwa ngumu zaidi, maana mara nyingi sikuweza kuijaza siku ileile. Maumivu ya kichwa yalikuwa nini hasa? Sikujua. Aliahidi kurudi baada ya wiki mbili. Hapo ndipo nilipoona kwamba sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na jambo lisilojulikana bila kulipa jina la haraka, na kumwekea mgonjwa mpaka unaoeleweka: ukiona hiki au hiki, rudi leoleo, usipokiona, tuonane tarehe fulani. Wodini hatukufundishwa hivyo. Wodini mtu haondoki bila jina la ugonjwa kwenye faili.

Safu ya tatu ndiyo iliyoniaibisha, na nitairudia.

Nilipompelekea daftari, Mwalimu alichora mraba mkubwa kwenye karatasi, ndani yake mwingine mdogo, na mwingine mdogo zaidi. Akaniambia kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 1961 na Kerr White na wenzake, waliotumia takwimu za Marekani na Uingereza. Chukua watu wazima 1,000 kwa mwezi mmoja. Kama 750 hivi watapata maradhi au maumivu ya aina fulani. Kati yao 250 wataenda kwa daktari. Watakaolazwa hospitali ni 9. Atakayefikishwa hospitali ya chuo kikuu ni 1. Mwaka 2001 Larry Green na wenzake walilirudia zoezi hilo kwa takwimu mpya za Marekani, na picha ikabaki karibu ileile.

“Wale mabingwa wako,” akasema, “wanafundisha kutokana na huyu mmoja. Wanafundisha vizuri sana. Lakini wewe utakaa na hawa 250, na kazi yako nyingine ni kujua yupi kati yao ndiye huyo mmoja.”

Nilikubali kwa kichwa. Ratiba sikuibadilisha. Mtu aliyepigania jambo haliachi kwa sababu ya mraba uliochorwa kwenye karatasi.

Kilichonibadilisha ni mgonjwa, na nitaeleza kwa kubadilisha mambo kadhaa ili asitambulike. Alikuwa mama wa makamo, wa orodha yangu tangu mwaka wa kwanza. Alikuja na uchovu na viungo vinavyouma. Wiki chache kabla nilikuwa nimetoka kwenye kliniki ya mabingwa wa baridi yabisi, nikiwa nimejaa mafuta ya kujiamini. Kule kila mwenye uchovu na viungo vinavyouma alipimwa kingamwili zinazoshambulia viini vya seli, kipimo kinachoitwa ANA, na wengi walikuwa nazo kweli, na wengi walikuwa na lupasi kweli, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe. Nikakiandika. Majibu yakarudi chanya, kwa kiwango cha chini kabisa, 1 kwa 40. Nikamwambia huenda ni ugonjwa wa kinga ya mwili, nikampa rufaa.

Alisubiri miezi mitatu kumwona bingwa. Miezi hiyo mitatu aliitumia kusoma kuhusu lupasi, figo zinazoharibika, na watu wanaokufa mapema. Bingwa alimpima dakika chache, akaniandikia barua fupi yenye adabu: hana dalili yoyote ya ugonjwa huu, na katika kiwango hicho kipimo kinaweza kuwa chanya kwa karibu watu 3 kati ya 10 wenye afya njema.

Tatu kati ya kumi! Nilisoma barua ile nikiwa nimesimama.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi, ndiyo maana iliniuma. Chukua kipimo kizuri, kinachobaini wagonjwa 9 kati ya 10 na kuwaacha huru wazima 9 kati ya 10. Kipeleke kwenye kliniki ya bingwa ambako katika watu 1,000 nusu yao ni wagonjwa: utapata majibu chanya 450 ya kweli na 50 ya uongo, kwa hiyo chanya yako ina uzito. Kipeleke kipimo hichohicho kwenye kliniki yangu, ambako wagonjwa wa kweli ni 10 tu katika 1,000: kitawabaini 9, lakini kati ya wale 990 wazima kitawaita wagonjwa watu 99. Majibu chanya 108, ya kweli 9. Moja kati ya kumi na mbili. Mashine ni ileile, kilichobadilika ni watu waliokaa kwenye benchi la kusubiri. Hiki kilikuwa kipindi cha tatu cha takwimu katika mwaka wa pili. Nilikuwepo. Nililala. Kisha nikakifuta ili na wengine wasikisikie.

Yule mama aliporudi nilimwomba radhi waziwazi. Alinisamehe kwa upole kuliko nilivyostahili. Tukaongea presha, tukaongea matokeo ya damu, akainuka, akashika kitasa cha mlango, akasema, “Na jambo jingine dogo, daktari.” Jambo dogo lenyewe: hajalala usiku mzima kwa mwaka sasa. Anamuuguza mzazi wake anayepotewa na kumbukumbu, anayeamka saa nane za usiku kutafuta watu waliokwisha kufa. Nikamrudisha akae. Maswali 9 ya kupima sonona, ambayo huuliza hali ya wiki mbili zilizopita na kutoa alama kuanzia 0 hadi 27, yalimpa alama zilizozidi sana zile 10 ambazo huwa tunaanza kushtuka.

Angeniambia mara ya kwanza? Nadhani alijaribu. Mwaka wangu wa pili Mwalimu alikaa kwenye kona ya chumba changu cha kliniki akiwa na saa mkononi, bila kusema neno, wagonjwa watano mfululizo. Huu nao ni mtaala, wa kutazamwa ukifanya kazi, na hakuna aupendaye. Kuna utafiti wa mwaka 1984, wa Howard Beckman na Richard Frankel, ulioonyesha kuwa madaktari walimkatiza mgonjwa kwa wastani baada ya sekunde 18 tangu aanze kueleza, na wachache tu ndio waliofanikiwa kumaliza walichokusudia kusema. Mwalimu alinionyesha yangu. Sikufika hata hizo 18. Nilijitetea kwamba foleni ilikuwa ndefu. Akaniuliza wagonjwa wangapi kati ya wale watano walinipa “jambo jingine dogo” mlangoni, na kila jambo dogo lilichukua dakika ngapi. Foleni nilikuwa nairefusha mwenyewe.

Sasa kikundi cha mazungumzo. Asili yake ni London, miaka ya 1950, ambako Michael Balint na mkewe Enid walikuwa wakikaa na madaktari wa kawaida wa mitaani kuzungumzia wagonjwa wanaowasumbua. Nasema wanaowasumbua madaktari. Huji na faili wala vipimo. Mmoja anasimulia habari za mgonjwa ambaye akiona jina lake kwenye orodha ya asubuhi tumbo linamkaza. Akimaliza anasogeza kiti nyuma kidogo na kunyamaza, na wengine wanafikiri kwa sauti: huyu mgonjwa anajisikiaje, huyu daktari anajisikiaje, kuna nini kati yao. Hakuna kutoa ushauri, na hakuna kuuliza potasiamu ilikuwa ngapi. Kwa mtu aliyefundishwa kwamba kila tatizo lina dawa na kila dawa ina kipimo, saa hiyo ni mateso.

Nilipokifuta, miezi miwili ya kwanza hakuna aliyelalamika. Halafu nikaanza kuona mambo kwenye ratiba za kliniki, kwa kuwa mimi ndiye niliyezipanga. Wagonjwa fulani walikuwa wanahama. Daktari mmoja anamwomba mwenzake, “nichukulie huyu leo,” na leo inakuwa moja kwa moja. Faili moja, la mzee mwenye maumivu sugu na ulimi mkali, lilipita mikono minne katika nusu mwaka. Kila aliyelipokea alianza upya: vipimo upya, dawa mpya, ahadi mpya. Mzee alizidi kuwa mkali, na haki alikuwa nayo.

Nikatambua pia kwamba mazungumzo yenyewe hayakufa. Yalihamia chumba cha kupumzikia zamu ya usiku. Kule tuliwasema wagonjwa hao hao, ila bila kiti cha kusogeza nyuma. Tuliwaigiza sauti. Tuliwapa majina ya utani. Nilicheka kuliko wote usiku mmoja kwa mzaha juu ya yule mzee, na asubuhi yake nikamkuta kwenye benchi langu, mgonjwa wangu mpya, zamu ya mkono wa tano. Sikuweza kumtazama usoni.

Miezi sita ilipotimia nilienda kwa Mwalimu na ratiba mpya. Hakusema “nilikuambia”. Alisema tu, “Nionyeshe ile safu ya tatu.”

Safu ya tatu, ya “ulijifunzia wapi”, ilikuwa na majibu ya aina mbili. Mengi yalikuwa “mwaka wa kwanza, Jumatano”, vikiwamo vipindi nilivyovikata. Mengine yalikuwa matupu. Mgongo ulinifungua macho kuliko yote. Ile mada niliyodhani imejirudia kwa uzembe ilikuwa imepangwa mara tatu kwa makusudi, nami sikuliona hilo kwa kuwa nilitazama vichwa vya habari tu. Mwaka wa kwanza unafundishwa usiue mtu: mgonjwa wa mgongo anayeshindwa kuzuia haja ndogo, anayekufa ganzi sehemu za kukalia, mwenye homa, aliyewahi kuwa na saratani, anayekonda bila sababu. Mwaka wa pili, ukishaona wengi, unafundishwa kutulia: kwamba kwa walio wengi hakuna kitu mahususi kitakachoonekana, kwamba eksirei haitamsaidia, kwamba atembee na aendelee na shughuli kadiri anavyoweza, na wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache. Mwaka wa tatu ndipo unafundishwa kuhusu yule asiyepona. Mada ni moja, lakini anayesikiliza si mtu yuleyule. Ungeniambia ya mwaka wa tatu nikiwa wa kwanza, nisingekuwa na sura ya mgonjwa hata mmoja ya kuiwekea maneno hayo.

Muda wa mafunzo haya haufanani duniani. Kanada ni miaka 2, Marekani na Uingereza 3, na kuna kwingine 4. Kila unapokwenda utasikia kilio kilekile kwamba hautoshi. Kilio hicho ndicho kinachomshawishi kiongozi kijana kufikiri kwamba kurudia ni kupoteza.

Tulirudisha vipindi, lakini si kama vilivyokuwa, maana na wenzangu waliolalamika hawakuwa wajinga. Takwimu ziliacha kufundishwa kwa mifano ya vitabuni. Sharti likawa moja: kila kipindi kianze na karatasi ya majibu ya maabara ya mgonjwa wa kliniki yetu, jina likiwa limefichwa. Ya kwanza nilileta mimi, ile ANA. Chumba kilikuwa kimya kuliko kilivyowahi kuwa wakati wa somo la mshtuko wa moyo. Makala za utafiti nazo, badala ya kuzisoma kutoka mwanzo hadi mwisho huku watu wakisinzia, tulianza na swali lililotoka kwenye kliniki. Dawa hii inapunguza hatari kwa nusu, tangazo linasema. Nusu ya nini? Kama ni kutoka watu 2 hadi 1 katika kila 100, basi watu 100 watameza ili mmoja anufaike, na huyo mmoja hatutamjua. Mambo kama hayo mgonjwa anayaelewa kabisa ukimweleza. Anayeyumba ni daktari.

Mabingwa hatukuwafukuza. Tuliwaomba tu wabadilishe swali: usituambie kila kitu kuhusu ugonjwa wako, tuambie ni rufaa gani ungetamani ungeipata mapema na ipi ungetamani isingekuja. Wengine walifurahia sana kuulizwa. Mmoja alikuja na rundo la barua za rufaa zilizoandikwa na sisi wenyewe. Ilikuwa saa ngumu, na bora kuliko zote za mwaka ule.

Kuna vitu sikuvipatia nafasi, na bado vinanikera. Ushonaji na upasuaji mdogo wa ngozi ulibaki kufundishwa kwa bahati: ukipata mgonjwa na mwalimu akiwa huru, unajifunza, usipopata, unahitimu na mikono inayotetemeka. Na hakuna aliyekuwa ametufundisha kuagana. Miaka mitatu una watu wako, unajua nani anadanganya kuhusu dawa na nani anasema hana tatizo huku anaumia, halafu Juni inafika na unaondoka. Niliongeza kipindi kimoja cha kukabidhiana wagonjwa, mwisho wa mwaka, anayeondoka na anayeingia wakiwa wamekaa pamoja na mafaili. Barua yangu ya kumkabidhi yule mama ilikuwa ya kurasa mbili, imejaa vipimo. Mwalimu aliipitia, akakata karibu yote kwa kalamu nyekundu na kuniambia niandike aliko mzazi wake sasa, na nani anampokea usiku.

Yule mzee wa mikono mitano nilimsimulia kwenye kikundi, kiti changu nyuma, mdomo umefungwa. Wenzangu walibishana nusu saa kama hasira ile ilikuwa yake au yangu. Hakuna aliyetoa jibu. Aliendelea kuumwa na aliendelea kuwa mkali, ila faili lake halikuhama tena hadi nilipohitimu.

Na waliotoka zamu ya usiku waliendelea kulala Jumatano. Hilo nilijaribu kulitatua kwa kahawa, kwa kufungua madirisha, kwa kuwasimamisha watu wajibu maswali. Mwishoni nikaandika kwenye ratiba, chini kabisa, kwamba aliyekesha aende akalale, na kipindi atakachokikosa atakipata mwakani kitakaporudi.